Umetuma kripto pasipo pake? Soma hapa kabla hujampa mtu pesa ya "kukurudishia"

FundiMlandege (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Uzi huu nauleta kwa sababu ya watu wanaoingia dukani wameduwaa, simu mkononi, na neno moja tu: "Fundi, nirudishie." Zamani ilikuwa pesa ya simu. Siku hizi ni USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Mtu ananunua mzigo Deira, muuzaji anamwambia lete USDT. Kijana wa Paje kamfanyia kazi ya kompyuta mteja wa Ujerumani, kalipwa kwa USDT. Kaka yupo Maskati, anamtumia mama Wete. Kule imetoka, huku haijaingia, na kila mtu ana presha.

Ukikosea namba kwenye pesa ya simu, katikati pana kampuni. Unapiga huduma kwa wateja, na kama yule hajaitoa, wanaizuia. Kwenye kripto katikati hapana mtu. Muamala ukishathibitishwa kwenye mnyororo (blockchain, daftari la wazi la miamala yote), hakuna meneja wala ofisi ya kuugeuza. Kwa hiyo anayeuliza "nani atanirudishia?" anauliza swali la pesa ya simu. Swali la kripto ni hili: pale ilipofika, ufunguo wa siri, ile namba inayoruhusu kuitoa, anao nani? Ukilijibu hilo, umeshajua kama utalala leo au hutalala.

Ufunguo unao wewe: pesa yako ipo, unaitafuta tu. Unao soko (wale mnaowaita eksichenji): pesa ipo kwao, utaiomba kwa adabu na utasubiri. Anao mtu usiyemjua: upo chini ya huruma yake. Hana mtu yeyote, kwa mfano umetuma kwenye anwani ya sifuri tupu au kwenye mkataba (programu ya kwenye mnyororo) wa tokeni yenyewe: hiyo kwa kawaida ndiyo imekwenda.

Jambo la kwanza kabla ya kupiga kelele ni kuchukua TXID, ile namba ndefu ya muamala. Anayo aliyetuma, kwenye historia ya waleti (programu ya kuhifadhia kripto) au soko lake. Ibandike kwenye tovuti ya kukagua mnyororo: Tronscan kwa Tron, Etherscan kwa Ethereum, BscScan kwa BNB Smart Chain. Hapo utaona imetoka wapi, imefika wapi, kwa mtandao gani, na kama imekubali au imegoma. Bila TXID hatuna mazungumzo. Skrinishoti ya "Imetumwa" hainiambii kitu.

Karibuni, ulizeni.

Mpemba_wa_Konde

Fundi, mie ndio hao hao. Kaka yangu wa Maskati kanitumia USDT 400. Nilimpa anwani ya akaunti yangu ya soko, niliichukua upande wa ERC-20 (mtandao wa Ethereum). Yeye kaona ada ya Ethereum kubwa, kachagua BEP-20 (BNB Smart Chain). Anwani kaibandika ikakubali. Tangu juzi kwangu sifuri. Anasema kwake inaonesha imefika. Imefika wapi sasa?

FundiMlandege

Imefika kwenye anwani ile ile, ila barabara nyengine. Anwani za Ethereum na za BNB Smart Chain zina sura moja: zinaanza na 0x, jumla herufi na tarakimu 42. Ndio maana waleti ya kaka yako haikumkatalia. Angekuwa amebandika anwani ya Tron, inayoanza na T na ina herufi 34, ingemkatalia pale pale.

Ufunguo wa anwani hiyo unao soko, si wewe. Hiyo ni nafuu yako. Fanya hivi:

Mwombe kaka TXID, uihakiki BscScan. Ikiandika imefanikiwa, ingia ndani ya programu ya soko lako, sehemu ya msaada, tafuta habari ya amana isiyoingia. Watataka TXID, aina ya sarafu, kiasi, mtandao uliotumika na anwani iliyopokea. Wengine watataka skrinishoti ya aliyetuma, au video fupi. Anayefungua maombi ni mwenye akaunti iliyopokea, yaani wewe. Kaka akiwaandikia wa soko lake yeye, watamjibu kuwa wao walishatuma, na watakuwa wamesema kweli.

Mfumo wao haukuiona kwa sababu kwenye anwani ile ulikuwa unasubiri upande wa Ethereum tu. Kuitoa kunataka mtu aende kwa mkono. Baadhi ya masoko hutoza ada, baadhi hawagusi kiasi kidogo, baadhi hawagusi kabisa tokeni wasiyoiorodhesha. USDT kwa BEP-20 ni kitu cha kawaida, kwa hiyo una haki ya kutumaini.

Na kaka asitume nyengine "kujaribu" mpaka hii ijibiwe.

PajeBoy

Bro mie waleti ni yangu mwenyewe, maneno 12 ya siri ya kuifungua ninayo. Mteja kalipa kwa BEP-20, mie nilikuwa nimefungua upande wa Ethereum. Sifuri vilevile. Nifungue maombi wapi sasa?

FundiMlandege

Hapana popote. Ufunguo ni wako. Badilisha mtandao ndani ya waleti uweke BNB Smart Chain, kama tokeni haionekani iongeze kwenye orodha. Utaikuta. Kuitoa utahitaji BNB kidogo (sarafu ya mtandao huo) ya ada, maana kule ada hailipwi kwa USDT.

PajeBoy

Wallahi imo 😂 Nilishaanza kumtukana Mjerumani wa watu. Kwa hiyo anwani ya 0x ni yangu mitandao yote, basi nikosee nitakavyo.

KarafuuKavu

PajeBoy, usende mbio. Kwa waleti ya kawaida ya maneno 12, sawa, ufunguo mmoja unafungua anwani hiyo Ethereum, BNB, Polygon na wenzao. Lakini zipo waleti ambazo ni mkataba uliowekwa juu ya mtandao mmoja, zile za kusainiwa na watu kadhaa. Kwenye mtandao mwengine mkataba huo unaweza kuwa haujawekwa, na anwani ikawa haina mwenyewe.

Juni 2022 kampuni ya Wintermute ilipangiwa tokeni milioni 20 za OP na mradi wa Optimism, mtandao uliojengwa juu ya Ethereum. Wakatoa anwani yao ya kusainiwa na watu kadhaa, ambayo ipo Ethereum lakini kule Optimism walikuwa hawajaiweka. Kabla hawajaiweka, mtu mwengine akawatangulia, akauweka mkataba kwenye anwani ile ile, zikawa mikononi mwake. Baadaye alirudisha milioni 17. Hao ni watu wa kazi hii usiku na mchana.

FundiMlandege

Shukran KarafuuKavu, hilo ningelipita. Na upande wa pili wa kanuni hiyo hiyo: Oktoba 2022 Crypto.com walipeleka ETH 320,000 kwenye anwani yao iliyokuwa ndani ya soko jengine, Gate.io, badala ya hifadhi yao wenyewe. Ziliporudi hazikurudi kwa uchawi. Upande wa pili palikuwa na mwenye ufunguo anayejulikana, akazirejesha.

Bi_Tumbatu

Na mie nna la kwangu. Kuna sarafu zinataka namba ya ziada, sijui memo. Binti yangu alituma XRP kwenye soko hakuiweka. Ndio basi?

FundiMlandege

Si basi, Bi. Soko linatumia anwani moja kwa wateja wote, na ile namba ndiyo inayosema hii ya nani. XRP inaitwa tagi, Stellar na TON wanaiita memo. Bila hiyo pesa imeingia ghalani kwao haina jina. Ni maombi kama ya Mpemba, na mara nyingi hii ndiyo nyepesi kuliko zote kwa sababu masoko wanaikuta kila siku. Awe na TXID na kiasi halisi mpaka desimali ya mwisho, ndicho kitakachomtambulisha.

mgeni2207

Habari ndugu zangu, mimi nilipoteza dola 3,000 nikakata tamaa kabisa lakini kuna mtaalamu mmoja wa kurejesha kripto alinisaidia zikarudi zote ndani ya masaa machache. Ni mwaminifu sana. Anayehitaji aje inboksi nimpe mawasiliano.

KarafuuKavu

Huyo kafika. Nilikuwa najiuliza mbona kachelewa.

FundiMlandege

Modi, naomba posti ya mgeni2207 isifutwe, iachwe kama ushahidi ila inboksi yake ifungwe.

Wana jukwaa, mnaijua ile meseji ya "ile pesa tuma kwa namba hii". Huyu ni ndugu yake, kavaa suti. Mnyororo haugeuzwi na "mtaalamu". Kama ufunguo unao soko, soko wenyewe ndio watakaokurudishia, huhitaji wakala. Kama anao mtu mwengine, mtaalamu hana huo ufunguo. Anachotaka ni kimoja kati ya hivi: ada ya kuanzia, halafu ada ya "kufungua", halafu "kodi", mpaka uishe, au umpe maneno yako 12, au uunganishe waleti yako na tovuti yake ubonyeze kukubali, ayakombe yaliyobaki.

Wa hatari zaidi ni wale wanaojifanya huduma kwa wateja. Ukilalamika hadharani kwenye ukurasa wa soko, dakika hiyo hiyo utapata meseji Telegram yenye nembo ya soko na Kiswahili cha kutafsiriwa na mashine. Msaada wa kweli unaufungua mwenyewe, ndani ya programu. Hawakutafuti, na maneno 12 hawayataki hata siku moja.

Mwalimu_Mstaafu

Mimi nina swali la upande wa pili. Kijana wangu kaingiziwa USDT 150 kwenye waleti, hamjui aliyetuma. Amekuja kuniuliza azitumie? Nimemwambia mali ya mtu ni mali ya mtu, hata ikikudondokea mapajani. Kuna aliyenijibu hapa mtaani kwamba kripto yenyewe ni haramu kwa hiyo haina mwenyewe. Nilicheka.

FundiMlandege

Mwalimu, mjadala wa uhalali una uzi wake na umefika kurasa kibao, tusiuamshe hapa. Kwa hili la kurudisha umemwambia sawa, ila asirudishe kwa pupa. Hapa wengi wenye nia njema hupoteza pesa ya mtu mara ya pili.

Aangalie imetoka wapi. Kama aliyetuma alitoa pesa sokoni, anwani inayoonekana si ya mtu, ni hifadhi ya soko inayolipa maelfu ya wateja. Ukirudisha pale, inaingia ghalani haina jina. Kwenye Tronscan na Etherscan anwani nyingi za masoko zimeandikwa jina. Akikuta jina la soko, awaandikie wao na TXID, na asubiri mwenyewe ajitokeze. Akikuta ni anwani ya mtu binafsi, huko kurudisha moja kwa moja kunawezekana.

Na asiamini mtu yeyote atakayemfuata na kumwambia "nilikosea, nirudishie kwenye anwani HII", ikiwa siyo iliyotuma. Mwenye mali ya kweli anaweza kuthibitisha: atume senti kutoka anwani ile ile, au asaini ujumbe kwa ufunguo wake.

Pia wapo wanaorusha tokeni za bure zenye jina linalofanana na USDT ili uingie kwenye tovuti yao kuziuza. Ahakikishe kwanza kama ni USDT yenyewe.

Mchungaji_wa_Ngisi

Kuna jamaa yangu yeye alikopi anwani kutoka kwenye historia yake ya kutuma, ikawa siyo. Anaapa alikopi sahihi, mwanzo na mwisho vinalingana. Simu ina jini?

FundiMlandege

Haina jini. Hii naomba muisome polepole, kwa sababu waliopigwa humu si wajinga.

Mwizi ana programu inayotazama mnyororo. Ikiona unamtumia mtu mara kwa mara, inatengeneza anwani inayofanana na ya yule mtu: herufi za mwanzo sawa, za mwisho sawa, katikati tofauti. Halafu inakurushia muamala wa senti, au wa sifuri, ili anwani ile ikae kwenye historia yako. Ule wa sifuri ndio mbaya, kwa sababu mkataba wa tokeni unamruhusu mtu mwengine aandike uhamisho wa sifuri kutoka kwako bila ruhusa yako. Ukiangalia historia unaona wewe mwenyewe ndiye uliyetuma. Waleti nazo hufupisha: zinakuonesha TQm7…k9Xa, na ya mwizi nayo inaonekana TQm7…k9Xa. Unakopi, unatuma, kwaheri.

Mei 2024 mtu mmoja alipoteza WBTC 1,155 (tokeni inayofuata bei ya Bitcoin) kwa njia hii, thamani yake wakati ule kiasi cha dola milioni 68. Zilirudishwa baada ya siku kadhaa, wezi walipoona dunia nzima inawatazama. Wewe wa dola 200 hakuna atakayekutazama.

Ndio maana ule ushauri wa "tuma kidogo kwanza" ni mzuri lakini nusu. Lile jaribio lenyewe linaweza kumwamsha mwizi. Ukishatuma kidogo na mwenzako kathibitisha kwa mdomo kuwa imeingia, ile kubwa usiikopi kutoka kwenye historia. Weka anwani kwenye kitabu cha anwani, uipe jina, utumie hiyo. Masoko mengi yana orodha ya anwani ulizoziidhinisha, iwashe. Na ukihakiki, hakiki katikati, siyo ncha.

Kuna na virusi vya kompyuta vinavyobadilisha anwani baina ya kukopi na kubandika. Hivi hukaa sana kwenye mashine zenye programu za kukraki, ambazo hapa mjini ndizo nyingi. Ukishabandika, soma tena kilichobandikwa. Kama mwenzako yupo karibu, skani QR kutoka kwenye simu yake, mkamalize.

PajeBoy

Na kuandika kwa mkono je? Nikikosea herufi moja si imeenda kwa mtu mwengine?

KarafuuKavu

Mara nyingi hapana. Anwani za Bitcoin na Tron zina herufi za ukaguzi ndani yake, ukikosea moja waleti inakataa. Ethereum ukaguzi umefichwa kwenye herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo ukiandika zote ndogo ukaguzi unakufa. Usiandike kwa mkono, hakuna sababu.

Mchungaji_wa_Ngisi

Ikiwa bado haijathibitishwa naweza kuizuia?

KarafuuKavu

Bitcoin, ndiyo, ikiwa bado inasubiri na waleti yako inaruhusu kuibadilisha kwa ada kubwa zaidi. Bloku moja, yaani fungu moja la miamala, huchukua wastani wa dakika 10, kwa hiyo una nafasi ndogo. Ethereum unatuma muamala mwengine wenye namba ya mfuatano ile ile, kwa ada kubwa, unajitumia mwenyewe sifuri. Tron bloku ni sekunde 3. Mpaka ukisema "yakhe", imeshaingia.

Mchungaji_wa_Ngisi

Na polisi? Jamaa anaogopa, anasema atakamatwa yeye.

FundiMlandege

Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazikubaliki kisheria nchini. Halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kwa hiyo serikali inajua biashara ipo, lakini usitegemee benki ikufuatilie kama hawala iliyopotea. Wizi unabaki wizi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku Visiwani.

Faida ya kwenda kituoni si kwamba askari ataivuta pesa. Ni ile RB. Pesa ya jamaa yako ikionekana imeingia kwenye soko lenye jina, soko halitakupa wewe jina la mteja wao, lakini barua ya polisi wanaisikiliza, na wanaweza kuizuia akaunti. Tether, kampuni inayotoa USDT, nao wanao uwezo wa kuigandisha USDT kwenye anwani, na huko nako ni kwa maombi ya vyombo vya dola. Apeleke TXID zimechapishwa kwenye karatasi, na maelezo mafupi: nini, lini, kutoka wapi, kwenda wapi. Akienda na stori ya saa nzima hatoandikiwa kitu.

Aende mapema. Pesa ikishapita anwani nyingi, kila anayeifuata anachoka.

Mpemba_wa_Konde

Wana jukwaa, mrejesho. Soko wamejibu. Walitaka TXID na picha ya kaka inayoonesha alivyotuma. Wamesema itarejeshwa, ada watakata humo humo, nisubiri. Bado sijaiona ila angalau nimejibiwa na mtu. Na kuna "huduma kwa wateja" wawili wameshanifuata Telegram 😅

FundiMlandege

Alhamdulillah. Hao wawili wapige bloku. Mlango ni ule wa ndani ya programu tu, hata wakichelewa.

Bi_Tumbatu

Fundi, la mwisho nisikuchoshe. Leo namtumia muuzaji wangu wa Dubai USDT kwa Tron kama kila mara. Ada imekuja kama mara mbili ya siku zote. Wamepandisha?

FundiMlandege

Bi, usibonyeze kwanza. Kwenye Tron, ukituma USDT kwa anwani ambayo haina USDT hata senti, ada huwa takriban maradufu. Muuzaji wa kila siku kwa kawaida anakuwa na salio. Inawezekana kazitoa zote leo, au kabadilisha waleti, au anwani hiyo siyo yake. Uliitoa wapi?

Bi_Tumbatu

Kaniletea WhatsApp asubuhi, kasema hii ndiyo mpya.

FundiMlandege

Mpigie kwa sauti, usimwandikie. WhatsApp ya mtu inaibiwa. Akusomee herufi sita za katikati.

Bi_Tumbatu

Nimempigia. Ni yeye, simu ya zamani imeingia maji kafungua waleti mpya. Kanisomea, zinalingana. Natuma kumi kwanza.